Mikono Iliyopitisha Maegesho

Jumanne hiyo, saa tatu na robo asubuhi, karani wa baraza la mji alikuwa amekwishapanga viti tisa, jagi moja la maji na bilauri tisa, nane nzima na moja yenye ufa. Ile yenye ufa aliiweka kila kikao mbele ya diwani mwingine, kwa zamu, asije akaambiwa ana upendeleo. Kisha akagawa makaratasi. Ajenda zilikuwa saba. Ya nne ilihusu maegesho ya magari katikati ya mji.

Karani alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi hiyo. Aliweza kuandika muhtasari huku akifikiria jambo jingine kabisa, na muhtasari ukatoka safi. Siku hiyo alikuwa anamfikiria shangazi yake.

Shangazi yake alikuwa fundi wa cherehani. Mji mzima ulimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuweza kuona pindo limefumuka akanyamaza. Ndiye aliyemlea karani tangu akiwa na miaka sita, na mpaka sasa walikaa nyumba moja, juu ya kilima, mwisho wa barabara. Kila asubuhi waliteremka pamoja. Karani aliingia ofisini, na Bi Pindo alivuka barabara kwenda uwanja wa posta ya zamani. Posta ile ilikuwa na baraza pana lenye nguzo, na mafundi kumi na wanne, wanawake kwa wanaume, walikaa hapo na cherehani zao. Kwa hiyo mji ulikuwa na mabaraza mawili yanayotazamana, moja la kushona na moja la kusema.

Ajenda ya nne ilitaka uwanja huo, pamoja na baraza lake, uwe maegesho ya waheshimiwa madiwani, watumishi na wageni wao. Chanzo chake kilijulikana. Mwezi uliotangulia mwenyekiti alikosa pa kuweka gari, akaliacha mtaa wa tatu, akatembea kwenye mvua, akafika kikaoni viatu vinalia kwacha kwacha. Mchoro wa maegesho aliuchora karani mwenyewe, kwa rula, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri. Nafasi zilikuwa thelathini. Nguzo ya tatu, ambapo shangazi yake alikaa, iliangukia nafasi namba tisa. Alikuwa hajamwambia.

Mwenyekiti alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mpenda vikao vifupi. Aliisoma sheria ndogo kwa pumzi moja: kwamba hakuna mtu atakayekaa wala kusimama uwanjani zaidi ya dakika tano bila gari.

"Na wale mafundi?" aliuliza diwani wa kata ya sokoni, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuoka mikate.

"Watahama."

"Wahamie wapi?"

"Ndugu yangu, mji ni mkubwa," alisema mwenyekiti.

Mji ulikuwa na mitaa kumi na mmoja.

"Wanaoafiki, wanyooshe mikono."

Mikono minane ilipanda juu. Mwoka mikate alitazama kulia, akatazama kushoto, akauinua wake mpaka usawa wa sikio, akauacha hapo, kiasi kwamba mtu angeweza kusema amepiga kura na mwingine angeweza kusema anajikuna.

"Mheshimiwa," karani alimuuliza, "hiyo ni ndiyo au ni sikio?"

"Andika unavyoona."

Karani aliandika nusu.

"Ahsanteni. Teremsheni," alisema mwenyekiti.

Mikono haikuteremka. Walisubiri kidogo. Diwani mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauvuta, ukagoma kama mlango uliovimba kwa mvua. Hakuumia. Diwani mwingine alijaribu kusimama na kukaa tena, labda mkono ungesahau. Haukusahau. Mwenyekiti aliangalia mkono wake, akaangalia saa ya ukutani.

"Basi tuendelee," alisema. "Ajenda ya tano."

Ya tano ilisema mbwa wote wafungwe. Ilipita papo hapo, maana mikono ilikuwa tayari juu. Ya sita iliuliza kama mitaro isafishwe mwaka huu au isubiri mwakani, na yote mawili yakapita. Mwenyekiti alifurahi. Hawakuwahi kumaliza kikao kabla ya saa tano.

Alipokuwa anatoka, aliinama juu ya daftari la karani. "Umeandika nini hapo?"

"Nimeandika mikono haikushuka."

"Futa. Andika: waheshimiwa waliafiki, na wanaendelea kuafiki."

Karani aliandika hivyo.

*

Jioni karani alipika supu, akakata mkate, akamwekea shangazi yake kiti chake cha karibu na dirisha. Maneno alikuwa ameyapanga njiani, lakini kila alipofungua kinywa alitia kijiko.

"Sema tu," alisema Bi Pindo. "Tangazo limebandikwa tangu saa nane. Na mchoro wake."

"Shangazi, mimi..."

"Niliujua mwandiko. Herufi yako ya g ina mkia kama wa paka. Mkia huo nilikufundisha mimi, kwenye meza hii hii." Alichovya mkate. "Mistari umeinyoosha vizuri."

Karani alianza kulia. Bi Pindo alimwacha alie mpaka supu ikaanza kupoa, kisha akampa kitambaa cha mkononi, chenye pindo la kushonwa kwa mkono.

"Ungekataa kuchora, wangemwita mtu mwingine achore vibaya," alisema. "Hilo ndilo la kwanza. La pili, ungeniambia. Hilo nitakuwa nalo kidogo, siku mbili tatu, halafu litapita. Sasa niambie, ni kweli mikono yao imekataa kushuka?"

"Kweli."

"Yote?"

"Minane na nusu."

Bi Pindo alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Alikuwa mtu wa kucheka, na kicheko chake kilianzia tumboni kikachukua muda kufika. Halafu akamwuliza karani ni nani atakayemsaidia kupandisha cherehani kilimani.

Waliipandisha kesho yake kwa mkokoteni, wao wawili na mpagazi mmoja. Bi Pindo aliiweka uani, chini ya bati, ikatazamana na ukuta wa jirani. Alikuwa ameshona mjini miaka thelathini na mmoja. Pale nguzoni alimjua kila mpita njia kwa mwendo na kwa mshono. Aliweza kumwambia mtu suruali yake itachanika Ijumaa, na Ijumaa ikachanika. Uani walipita kuku wa jirani.

"Huku," alimwambia karani baada ya wiki, "hata uvumi unafika umechoka."

Wateja wachache walipanda. Wengi walisema watakuja. Kilima kile kilikuwa na namna yake ya kumfanya mtu agundue kwamba shati lake bado linafaa.

*

Mikono ya madiwani ilibaki juu. Daktari wa zahanati aliwapima wote tisa kwa asubuhi moja, akaandika kwenye vyeti vyao: mkono mzima, umeinuka. Aliwashauri wapake mafuta kwapani, kwa kuwa sehemu hiyo haikuzoea jua.

Mji ulizoea upesi. Watu walidhani wanasalimiwa, nao wakaitikia kwa kupunga, na kwa wiki chache mji ukawa mji wa salamu kupita kiasi. Waliokuwa hawasemeshani na madiwani wao walijikuta wamepatana bila kikao. Teksi zilisimama kila diwani alipotokea kando ya barabara, na madereva wakatukana kidogo, wakaondoka. Diwani mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliuza ngazi yake, kwa kuwa vitu vya rafu ya juu sasa alivifikia bila kupanda. Mke wa diwani mwingine alianza kuanika soksi kwenye vidole vya mumewe siku za jua, na mume hakukataa, maana alikuwa amekaa tu.

Shida ilikuwa magari. Mtu mwenye mkono juu haingii ndani ya gari akakaa sawa. Mkono unagonga paa, na ukiutoa dirishani unataka kunyooka kwenda juu, si pembeni. Madiwani saba wakaanza kutembea kwa miguu. Mwenyekiti alimwita fundi wa bati akamtobolea tundu juu ya kiti cha dereva, mkono ukatokeza nje kama mlingoti. Mvua iliponyesha aliufunika kwa mfuko wa nailoni. Siku ya tatu alipita chini ya tawi asiloliona, na tangu hapo naye akatembea. Gari likabaki nyumbani, na kuku wake wakalipenda kwa ajili ya lile tundu.

Kwa hiyo uwanja wa posta ya zamani, uliopigwa mistari myeupe na kuzungushiwa mnyororo, ulikuwa mtupu. Watumishi wa baraza walikuwa na baiskeli, na sheria haikutaja baiskeli. Wageni wa baraza walikuja kwa miguu kama walivyokuja siku zote. Gari pekee ambalo lingeweza kuingia lilikuwa la mwoka mikate, ambaye mkono wake wa nusu ulienea vizuri chini ya paa, lakini yeye aliliweka nyuma ya kiwanda chake na hakutaka kuulizwa.

Mlinzi wa maegesho waliyemwajiri aliitwa Filimbi, kwa sababu ya filimbi. Alikuwa baba wa watu wazima, mwenye adabu, na aliilinda ile nafasi tupu kwa moyo wote. Mtu akisimama ndani ya mnyororo, Filimbi alitazama saa. Zikitimia dakika tano alipuliza, kisha akaomba radhi.

*

Mashati ndiyo yaliyowapeleka madiwani kilimani.

Mwanzoni wake zao walifumua mabega na kuyafunga kwa pini. Baadaye wakajaribu mafundi waliokuwa wamebaki mitaa ya pembeni, na mashati yalivuta shingoni, yakapanda juu, yakaonyesha tumbo la mwenyekiti kwa watu ambao hawakuliomba. Mtu wa kushona bega alikuwa mmoja, na kila mtu alijua alipo.

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa mwenyekiti mwenyewe. Alifika akihema, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa kabla hajakaribishwa. Bi Pindo alimletea maji. Kisha akapanda juu ya kigoda, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni, akaanza kumpima kuanzia kiunoni kwenda kwenye ncha ya kidole.

Alikaa na kitambaa cha shati hilo siku nne. Mkono unaokwenda juu, alimweleza karani, si mkono wa kawaida uliogeuzwa. Mshono haukai begani. Unaanzia chini ya ubavu, unapita nyuma kama mto, na kwapani lazima uweke kipande cha ziada cha pembe nne, la sivyo mtu akipumua shati lote linapumua naye. Karani hakuwa amemwona na furaha kama hiyo tangu cherehani ihamishwe. Aliongea na kitambaa. Alikasirika na kola, akasameheana nayo.

"Shangazi," karani alisema, "ungelikosea walau kidogo. Hilo moja tu. La mwenyekiti."

Bi Pindo alimtazama kana kwamba amemwambia aitie mchanga cherehani.

"Bega halijafanya kosa," alisema.

Shati lilimkaa mwenyekiti vizuri mno hata akaonekana mrefu. Baada ya hapo walipanda wote, mmoja mmoja, kwa mstari, na mtu aliyekuwa chini mjini aliweza kuona mikono ikipanda kilimani kabla ya kuona vichwa. Bi Pindo aliwapima wote kwa heshima, na yeye alimuuliza kila mmoja swali lile lile, akiwa juu ya kigoda, mdomo umejaa pini.

"Na uwanja wetu, mheshimiwa?"

"Bi Pindo, jambo hilo liko mikononi mwetu," walijibu.

"Naona," alisema yeye.

Wa mwisho alikuja mwoka mikate. Alileta mkate wenye moto, akauweka juu ya cherehani, akasimama na mkono wake sikioni kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali.

"Wewe huna haja ya shati jipya," alisema Bi Pindo. "Nusu hiyo inaingia kwenye lolote."

"Najua. Sikuja kwa shati."

"Umekuja kwa nini?"

Mwoka mikate alitazama kuku. "Siku ile nilitaka kukataa, Bi Pindo. Haki ya Mungu. Nilitaka kwanza kuona wenzangu wanafanyaje."

"Ukaona?"

"Nikaona."

Bi Pindo aliukata mkate mara tatu, akampa kipande, akampa karani kipande. Wakala wakiwa wamesimama. Mkate ulikuwa mzuri na hakuna aliyeusifu, na mwoka mikate alielewa.

"Wewe unaoka," Bi Pindo alisema mwishowe. "Unga ukikataa kuumuka asubuhi, unasubiri wenzio waseme?"

"Hapana. Nakanda upya."

"Haya basi."

Hapo ndipo karani alipopata lile wazo. Lilikuwa jepesi hata akashangaa halikuja mapema. Kila hoja iliyofika mezani sasa ilipita, kwa kuwa mikono ilikuwa juu. Kilichotakiwa ni mtu wa kuileta. Alimwambia mwoka mikate, na mwoka mikate akafikiria kwa muda wa kumaliza kipande chake, kisha akasema ataileta.

*

Kikao kilianza saa tatu na nusu. Hoja ya mwoka mikate ilikuwa ajenda ya pili: kufuta sheria ndogo ya maegesho na kuwarudisha mafundi barazani. Alisimama akaisoma.

"Kuna mwenye neno?" aliuliza mwenyekiti, akiwa ndani ya shati lake la kupendeza. Hapakuwa na mwenye neno. "Wanaoafiki?" Alitazama mikono. "Imepita."

Karani aliandika: nane na nusu. Kisha akanyanyuka, akafungua dirisha kama mtu anayetaka hewa, akapunga leso.

Mafundi walikuwa wamesubiri kona ya pili na mikokoteni yao. Kumi walikuwa wamekuja. Wawili walikuwa wameshahamia mji mwingine, mmoja alikuwa ameuza cherehani, na mmoja alisema hataamini mpaka aone. Filimbi aliposikia kwamba sheria imefutwa alifungua mnyororo kwa mikono yake, akasaidia kusukuma. Kila mmoja alikwenda kwenye nguzo yake bila kuulizana. Bi Pindo aliiweka cherehani juu ya mstari mweupe wa nafasi namba tisa, akavuta kigoda, akatazama barabara.

"Wewe!" alimwita mwanamume aliyekuwa anapita na kikapu. "Njoo hapa. Unatembeaje na suruali hiyo?"

Mwanamume alikuja. Alisema amekuwa akimtafuta tangu mwezi wa pili. Akasimama nyuma ya nguzo na kikapu kiunoni huku Bi Pindo akishona, na cherehani kumi zikalia pamoja, sauti ambayo mtaa ule ulikuwa haujaisikia kwa miezi mitano. Watu walitoka madukani. Mwenye duka la vioo alileta chai kwa wote, na Filimbi akanywa mbili.

Ndani, kikao kilikuwa kimefika ajenda ya mwisho. Ilikuwa ile ile ya kila kikao, iliyochapwa chini kabisa ya ukurasa: kuthibitisha maamuzi yote ya vikao vilivyotangulia. Kwa miaka kumi na tisa karani ndiye aliyeichapa, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuisoma, hata yeye mwenyewe. Aliiona sasa, kalamu ikiwa hewani.

Mwoka mikate naye aliiona. "Mheshimiwa Mwenyekiti, maegesho tumeshayafuta."

"Tumeyafuta," mwenyekiti alikubali kwa upole. "Na sasa tunathibitisha yaliyotangulia. Hatugombani, ndugu yangu. Wanaoafiki?"

Mwoka mikate aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akauvuta. Jasho lilimtoka. Mkono ulishuka kutoka sikioni ukafika shavuni, ukafika kidevuni, ukafika kwenye kifungo cha kwanza cha shati. Karani alisimama. Kisha madiwani wanane waligeuka wakamtazama, bila ubaya wowote, kama watu wanavyomtazama mwenzao anayekohoa, na mkono ukarudi polepole kidevuni, shavuni, sikioni, ukatulia.

"Imepita," alisema mwenyekiti. "Kikao kimefungwa. Saa nne na dakika ishirini, jamani, tumevunja rekodi."

Tangu uwanja ulipofunguliwa mpaka sheria iliporudi zilipita dakika ishirini na tano. Filimbi alipewa habari dirishani. Aliwapa mafundi zile dakika tano za kisheria, akawapa nyingine tano ambazo alisema saa yake ilizikosa, halafu akapuliza, taratibu sana, kama mtu anayepoza uji.

"Mniwie radhi," alisema. "Mniwie radhi kabisa."

Bi Pindo alikuwa amebakiza mguu mmoja wa suruali. Aliumaliza.

Jioni hiyo karani aliketi na daftari mapajani, akamwambia shangazi yake kwamba kosa ni lake mara ya pili. Alikuwa amesahau mstari alioandika mwenyewe.

"Nilishona suruali moja mjini leo," alisema Bi Pindo. "Na nikanywa chai ya bure. Na nimesikia mke wa mwenye duka la vioo amerudi kwao. Miezi mitano sikuwa najua chochote." Akaanza kucheka, na karani, ambaye alikuwa hataki, akamfuata.

*

Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi. Wagombea wengi walipiga picha wakiwa wameinua mkono, kwa sababu watu walikuwa wameshazoea kwamba kiongozi anaonekana hivyo, na yule aliyepigwa picha mikono ikiwa chini aliambiwa hana uzoefu. Katika mikutano waliulizwa kuhusu uwanja wa posta, na wote walisema wataliangalia jambo hilo. Mwoka mikate hakugombea tena. Alianza kupeleka mikate kilimani kila Jumamosi, na mkono wake ulikuwa umeshuka kidogo, labda vidole viwili; alisema unashuka anapokanda.

Uwanja ulibaki na mnyororo wake. Mistari ilipakwa rangi upya.

Wiki moja kabla ya kuapishwa, madiwani wapya walipanda kilimani. Walikuwa tisa, watano waliorudi na wanne wapya, na wale wapya hawakungoja mikono yao iwapate na mashati ya zamani. Walipanga foleni uani. Bi Pindo sasa alikuwa na mafundi wawili wa zamani chini ya bati lile, cherehani tatu, na kazi ya kutosha hata kuku walihamia upande wa pili. Karani, aliyekuwa likizo, aliandika vipimo.

"Kulia au kushoto?" Bi Pindo aliuliza kila mpya.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa mji ule walikuwa wametokea mikononi mwake, na alikuwa ameshinda kwa kura nyingi kuliko wote. Alisimama mbele ya kigoda, mikono ikining'inia.

"Mimi nishonee la kawaida, Bi Pindo," alisema. "Mikono ya chini. Huo uwanja nitausema siku ya kwanza."

"Inshallah, mwanangu."

Bi Pindo alimpima mabega, akampima kifua, akampima kiganja. Alifurahi naye, na alimwambia hivyo. Kisha akachukua chaki, akaweka alama kwenye kitambaa, na pale kwapani akaisogeza chaki nje ya mstari.

"Hicho cha nini?" mkunga aliuliza.

"Kitambaa cha akiba. Kitakaa ndani ya mshono, hakuna atakayekiona. Ikibidi, tunafumua tu."

Mkunga aliitazama ile alama, akamtazama karani, ambaye aliinamia daftari lake.

"Haya," alisema. "Acha vidole viwili basi."

Bi Pindo akaacha vinne.